Gitaa kwa anayeanza: miezi mitatu ya mwanzo, dakika baada ya dakika

Gitaa langu la kwanza lilikuwa la mtumba, la nyuzi za chuma, na nililipata siku ya Jumamosi. Niliketi nalo barazani baada ya chakula cha mchana, nikaja kuliweka chini magharibi inaadhiniwa. Jumapili asubuhi sikuweza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Ncha za vidole zilikuwa na mistari myekundu kama nimechanjwa, na kifundo cha mkono kilikuwa kinagoma kukunja. Nikalitundika ukutani. Lilikaa pale wiki tano likila vumbi, mpaka alipopita mzee mmoja wa mtaani kwetu Morogoro, ambaye enzi zake alikuwa akipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akalitazama gitaa, akanitazama vidole, akacheka.

"Mwanangu, umelifakamia kama ubwabwa wa shughuli."

Mwongozo huu wote umetoka kwenye sentensi hiyo. Nimeshawaonyesha vijana kadhaa njia ya kuanza, na walioacha karibu wote waliacha kwa sababu moja: siku za mwanzo walipiga mno, wakaumia, wakapumzika sana, wakarudi wakakuta wamesahau, wakajiambia hawana kipaji. Kipaji hakikuhusika hata kidogo. Walikosea saa.

Kabla ya yote, gitaa lisikutese

Chukua rula ya shule. Pima nafasi iliyopo kati ya uzi wa sita, yaani ule mnene wa juu kabisa, na freti ya kumi na mbili. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni. Ukikuta milimita 2 au 3, uko salama. Ukikuta 4 au 5, hilo gitaa litakuchosha hata uwe na vidole vya fundi seremala, kwa hiyo mpelekee fundi alishushe kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa tumboni mwa gitaa, kabla hujajilaumu. Nimeona watu wakihangaika miezi na gitaa ambalo hata mpigaji mzoefu angelikataa.

Nyuzi nazo zinatofautiana. Za nailoni ni laini kwa vidole. Za chuma zinauma zaidi, ila ukinunua seti nyepesi, ile ambayo uzi wake mwembamba umeandikwa .010 badala ya .012, utaona nafuu siku hiyohiyo. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Mvuto wake ni mkubwa, na unaweza kung'oa daraja au kupinda shingo.

Kuna ujanja mwingine ambao sikuambiwa mapema. Shusha nyuzi zote sita nusu sauti, yaani kiasi cha freti moja, kisha funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya kwanza. Sauti inabaki ileile ya kawaida, lakini nyuzi zimelegea kidogo na freti unazotumia zimekaribiana. Kaa hivyo mwezi mzima kama unataka, hakuna atakayekucheka.

Na kila unapokaa, tyuni kwanza, yaani weka sawa sauti za nyuzi. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Programu za simu za kazi hiyo ni za bure na zinatosha kabisa. Siku simu imezima, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya tano na uulinganishe na uzi wa tano ulio wazi. Endelea hivyo kushuka chini, isipokuwa uzi wa tatu, ambao unaubonyeza freti ya nne ili kupata wa pili. Ukifanya mazoezi kwenye gitaa lililotoka sauti, masikio yako yanazoea kosa, na kulitoa kosa sikioni ni kazi kuliko kulitoa kidoleni.

Wiki mbili za kwanza: dakika kumi, mara mbili kwa siku

Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. Tega saa, na ikilia weka gitaa chini hata kama ndiyo kwanza umenogewa. Hapo ndipo wengi wananibishia. "Nina hamu, kwa nini niache?" Acha ukiwa na hamu, ili jioni hamu hiyohiyo ikurudishe kwenye kiti. Isitoshe, mkono unaendelea kujifunza hata ukiwa umelala: unachorudia leo vizuri, ukakilalia, kesho unakikuta chepesi kidogo kuliko ulivyokiacha. Saa tatu za Jumapili hazikupi kitu hicho, maana zina usiku mmoja tu nyuma yake. Dakika ishirini za kila siku zina saba.

Ngozi nayo ina ratiba yake. Ncha za vidole huota sugu kwa wiki mbili mpaka nne za kugusa nyuzi karibu kila siku. Ukipiga mpaka ngozi ikavimba lengelenge, lengelenge likipasuka unaanza upya. Usipige mara baada ya kufua au kuosha vyombo, kwani vidole vilivyolowana ni laini kama vya mtoto na uzi unavikata. Subiri nusu saa vikauke.

Siku mbili za kwanza usijaribu wimbo wowote. Fanya jaribio hili. Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa pili, freti ya kwanza, jirani kabisa na chuma, kwa upande wa kichwa cha gitaa, usikalie chuma chenyewe. Gusa uzi bila kubonyeza, kisha upige kwa mkono wa kulia: utasikia "tk" iliyokufa. Ongeza nguvu kidogo, piga. Ongeza tena, piga. Patafika mahali sauti inafunguka na kulia safi. Simama hapo. Nguvu hiyo ndiyo inayohitajika, na utashangaa ilivyo ndogo. Anayeanza hubonyeza mara mbili au tatu ya hiyo, dole gumba likikaba shingo kwa nyuma kana kwamba gitaa linataka kukimbia. Rudia jaribio hili kila siku kwa dakika mbili za mwanzo, kwa kila kidole. Ni zoezi dogo mno na linaboa, lakini ndilo lililoniponya kifundo cha mkono.

Kisha ingia kwenye kodi. Si za TRA hizi, ni zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Wiki ya kwanza anza na Em peke yake: kidole cha kati kwenye uzi wa tano na cha pete kwenye uzi wa nne, vyote freti ya pili. Basi. Vidole viwili, nyuzi zote sita zinalia. Ongeza kidole cha shahada kwenye uzi wa tatu, freti ya kwanza, hapo umepata E. Sasa nyanyua umbo hilohilo la vidole vitatu, ulishushe uzi mmoja mmoja: cha kati uzi wa nne, cha pete uzi wa tatu, cha shahada uzi wa pili. Hiyo ni Am. Kutoka Am, acha vidole viwili vilipo, toa cha pete tu ukipeleke kwenye uzi wa tano, freti ya tatu. Hiyo ni C.

Nimezipanga hivyo makusudi. Vitabu vingi humtupa mwanafunzi kutoka G kwenda D siku ya kwanza, vidole vyote vinaruka hewani kama kuku waliotishwa. Kwenye mpangilio huu, kila kodi mpya inazaliwa na iliyotangulia. Usiwe na haraka: Em na E wiki ya kwanza, Am na C wiki ya pili.

Njiti za kiberiti

Yule mzee hakuwa na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo. Alikuwa na kiberiti mfukoni, kwa ajili ya sigara zake. Alitoa njiti kumi akazipanga kwenye stuli, upande wa kulia. "Toka Am nenda C. Ikilia safi, njiti moja ihamie kushoto. Ikikwama, moja irudi."

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nilihamisha njiti tatu, ya nne kidole cha pete kikaangukia uzi wa nne badala ya wa tano, njiti moja ikarudi kulia. Mbili zikaenda, moja ikarudi. Nikaanza kuharakisha ili nimalize, na hapo ndipo zikarudi zote. Mzee akavuta moshi, akasema nifunge macho nikipeleke kidole polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye chumba anachokijua. Njiti zilianza kuhama. Nilipofumbua macho zimebaki mbili.

Sheria zake ni hizi. Unamaliza njiti zote kumi zikiwa kushoto, au dakika tano zikiisha, kipi kitangulie. Uzi mmoja ukifa katikati ya kodi, hesabu hiyo ni kosa. Ukikuta mabadiliko fulani yanarudisha njiti siku tatu mfululizo, usiongeze muda. Punguza mwendo, au tazama ni kidole kipi kinachochelewa, ukizoeze hicho peke yake kwenda na kurudi.

Saa ya ukutani ndiyo mwalimu wa mapigo

Saa ya mshale inagonga mara 60 kwa dakika. Kama unayo sebuleni, huna haja ya kununua chochote. Hesabu midundo minne kwa kila kodi. Siku za kwanza piga mara moja tu, kwenye mdundo wa kwanza, halafu tumia mitatu iliyobaki kuhamia kodi nyingine bila presha. Ikishakuwa rahisi, piga wa kwanza na wa tatu. Mwisho piga yote minne. Mtu akiweza kubadili Em na Am hivyo kwa dakika mbili bila kukatika, kasi yake halisi ni 60, hata kama jana alimpigia mpenzi wake kwenye simu kitu chenye kasi ya 120 kikiwa na mashimo katikati.

Kupandisha kasi kuna kanuni moja tu ninayoifuata: mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza mapigo 5. Kosa mara mbili mfululizo, shuka 10. Watu wanapenda nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na wanaisahau ya pili.

Kama nyumbani kuna mdogo wako asiye na kazi, mpe chupa ya soda na kijiko. Wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya, wale wa mtindo wa omutibo aliojulikana nao George Mukabi, walikuwa wakisindikizwa na mlio wa chupa ya Fanta, ile yenye mikunjo, ikikwaruzwa na kugongwa. Chupa haikuonei huruma, na mdogo wako hakuonei pia.

Kosa kubwa la mkono wa kulia ni kusimama ukisubiri wa kushoto. Uache uendelee kupanda na kushuka hata kodi ikiwa haijakaa, piga hata nyuzi tupu. Kodi iliyochelewa kidogo ndani ya mapigo yanayoendelea haimkwazi msikilizaji. Mapigo yakikatika, kila mtu anageuka kukutazama. (Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelezo haya yote, na ikiwezekana ageuze na nyuzi.)

Wiki ya tatu hadi ya sita

Sasa vidole vina sugu changa. Panda mpaka dakika ishirini na tano kwa siku, ukitaka kwa mkupuo mmoja basi simama katikati, nyoosha mikono, kunywa maji. Mimi huzigawa hivi: tano za kutyuni na kupasha vidole, tano za njiti, kumi za wimbo mmoja tu wa kodi mbili au tatu, na tano za mwisho za kucharaza upendavyo, hata upuuzi. Hizo tano za upuuzi usizifute, kwa kuwa ndizo zinazokufanya urudi kesho.

Ongeza kodi moja kwa wiki, si zaidi: D, halafu G, halafu A. G inasumbua kwa sababu vidole vinatawanyika, uzi wa sita freti ya tatu, wa tano freti ya pili, na wa kwanza freti ya tatu. Ipe siku kumi kama inazitaka.

Siku moja ya wiki usiguse gitaa. Sikiliza tu. Sikiliza dansi, rumba, chochote chenye gitaa la ridhimu linalosikika, ukipiga mapigo kwa mguu. Ukitaka kujua solo inayoongea, mtafute Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, lakini sikio lako lisishikwe na solo pekee. Chini yake kuna mtu anayerudia kitu kilekile bila kuyumba, na huyo ndiye wewe kwa mwaka huu wa kwanza.

Ukikosa siku tatu kwa msiba au mtihani, usilipe deni. Kupiga kupita kiasi ndiko kulikoniletea ile Jumapili ya kikombe. Rudi na nusu ya muda uliokuwa nao, kwa siku mbili, kisha endelea.

Mwezi wa pili na wa tatu, na yule adui anayeitwa F

F ndipo magitaa mengi yanapouzwa. Kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kunataka nguvu ambayo bado huna, na ukilazimisha utaumia kiungo cha dole gumba. Anza na F ndogo: cha pete uzi wa nne freti ya tatu, cha kati uzi wa tatu freti ya pili, cha shahada kilazwe juu ya uzi wa pili na wa kwanza freti ya kwanza. Bado ngumu? Acha uzi wa kwanza wazi. Ladha yake inabadilika kidogo, inakuwa na huzuni fulani nzuri, na wimbo unaendelea.

F kamili ipe dakika mbili kwa siku. Mbili. Bonyeza, piga, achia, tikisa mkono. Fanya hivyo mwezi mzima bila kuidai matokeo. Siku moja utakuta imelia yenyewe.

Sasa unaweza kufika dakika arobaini, katika vipande viwili. Kipande kimoja kiwe cha kuvumilia. Katika sebene, mpiga ridhimu hurudia kifungu kifupi kwa dakika nyingi huku solo ikicheza juu yake. Chagua kodi mbili, tuseme C na G, kasi ya 70, upige dakika tano bila kusimama. Mwanzo utadhani ni rahisi. Dakika ya tatu mkono, kati ya kiwiko na kifundo, utaanza kuwaka moto, na kinachowaka kitakuonyesha mahali unapojikaza bure. Legeza bega, legeza dole gumba. Moto ukigeuka maumivu makali, simama.

Kipande cha pili, kama una subira, kiwe cha kudonoa. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Katanga, Kongo, mwaka 1952, alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na ukimsikiliza utaapa wako watu wawili. Usimwige wimbo, iga mgawanyo wa kazi. Shika C. Dole gumba lipige uzi wa tano, kisha wa nne, wa tano, wa nne, kama saa, kwa kasi ya 50. Lipe siku tatu peke yake mpaka liende huku unazungumza na mtu. Halafu kidole cha shahada kidonoe uzi wa pili, mara moja tu katika kila midundo minne, pamoja na dole gumba. Wiki inayofuata, kidonoe katikati ya midundo. Kichwa kitagoma, na siku hizo dakika kumi zinatosha.

Yatakuja majuma mawili matatu usione maendeleo yoyote. Usibadilishe ratiba kwa hasira. Badilisha wimbo.

Maumivu gani ni ya kawaida

Ncha za vidole kuuma: kawaida. Msuli chini ya dole gumba kuchoka: kawaida, ishara ya kukaza. Ganzi, vidole kuchomachoma, au maumivu ya kifundo na kiwiko yanayobaki baada ya gitaa kuwekwa chini: si kawaida. Pumzika siku kadhaa, na yakirudi muone daktari. Mara nyingi chanzo ni kifundo kilichokunjwa mno kwa sababu gitaa limelala mapajani. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, inua shingo ya gitaa ipande kidogo, na kifundo kitanyooka chenyewe.

Mnaoishi chumba kimoja na majirani ukutani, kunja leso uichomeke chini ya nyuzi karibu na daraja. Sauti inazimika, vidole vinafanya kazi ileile. Wa pwani mfute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza, chumvi ya hewani inazila. Na gitaa lisiachwe ndani ya gari juani, gundi inaachia.

Kila Jumamosi jirekodi dakika moja kwa simu, kodi zilezile, usifute. Mwisho wa mwezi wa tatu zisikilize kwa mfululizo. Ya kwangu ya wiki ya kwanza ninayo mpaka leo: Am, kimya cha sekunde nne, C iliyokufa uzi mmoja, kisha sauti ya mama kutoka uani akiuliza kama kuku wameshafungiwa.